Jemadari Wetu ni Msabato

Masimba,
Jumapili, 14 Septemba 2025

Ndugu Obiero,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imeniaibisha. Ile sauti uliyoisikia Alhamisi kwenye grupu ya Jukwaa la Masimba haikuwa yako, wala haikuwa ya grupu. Nilikuwa namlalamikia mke wangu Nyanchoka, aliyekuwa ameenda kwao Birongo, kidole kikateleza. Kabla sijaifuta, kundi zima lilikuwa limekwisha kunisikia nikisema kwamba mtu wa ziwani amekuja juzi na mkoba wa dawa na sasa anataka kunipindua. Bochaberi alikuwa ameihifadhi. Naambiwa wateja hotelini kwake wanaagiza chai na sauti yangu.

Kwa maneno yale naomba radhi. Kwa maana yake siombi.

Tuongee kama watu wazima. Nani alianzisha kundi hili? Nani aliandika tanzia hii, akiiga zile za kale za Kiingereza ninazowafundisha watoto wa kidato cha nne, zenye wafalme na damu na radi? Nilimpa Mfalme wema wote ninaoujua. Anawasikiliza wajane, anasamehe, anakula baada ya watumishi wake kushiba. Nikamcheza mwenyewe, maana mimi ndiye mwenyekiti. Wewe nikakupa Jemadari, yule anayemuua Mfalme na kutawala kwa hofu, kwa ajili ya hiyo sauti yako nzito. Sikukupa ili upendwe, bwana!

Jumapili iliyopita pale sokoni Birongo nilikufa katika sehemu ya pili, na nilikufa vizuri. Nimelala chini, kisu kwapani, namsikia mama mmoja anauliza bei ya njugu. Kisha ukaingia wewe, watu wakasimama. Ulipopiga marufuku nyimbo za marehemu, wakapiga vigelegele. Mnyanyasaji anapigiwa vigelegele, dunia imekwisha! Na Nyanchoka, mke wangu wa ndoa, siku hizi anasonga ugali huku anayasema maneno ya Jemadari kwa sauti ya chini. Maneno ya Mfalme sijawahi kumsikia akiyasema, na ni mimi ninayemlisha.

Kwa hiyo, kama mwenyekiti, nimeamua. Hotuba yako ya karamu nimeikata. Na katika sehemu ya tatu usisimame tena katikati ya jukwaa, simama kando karibu na pazia. Barua hii ataileta Duke wa gari la mkate, na jibu umpe yeye.

Wako,
Mwl. Onchiri Masese
Mwenyekiti


Nyamira,
Ijumaa, 19 Septemba 2025

Mwalimu, omera, ndugu yangu,

Nimeisoma barua yako nyuma ya kaunta nikacheka mpaka mke wangu Sheryl akatoka stoo kuuliza ni mgonjwa gani amepona ghafla hivyo. Radhi nimeipokea. Kuitwa mtu wa ziwani si tusi, kwetu Kendu Bay ziwa tunaliona kila asubuhi. Ila huo mkoba wa dawa umeusingizia, nilikuja na lori zima.

Hotuba ya karamu umeikata, sawa. Nitasimama kando karibu na pazia. Mchezo ni wako, na mwenye mchezo ndiye anayejua. Lakini niruhusu neno moja kama rafiki, kisha nitanyamaza.

Unamcheza Mfalme kama mtu anayeomba kura. Yule mjane anapolia mbele yako, wewe unawatazama watu uone kama wameona unavyosikiliza. Mtazame mjane, Mwalimu! Mfalme mwema anaweza kukaa katika chumba anamosifiwa mtu mwingine na chakula chake kikashuka. Jemadari ndiye anayeangalia nani amepiga makofi na nani amekunja mikono. Hayo sikuyatoa kichwani kwangu, uliyaandika wewe katika sehemu ya nne, na kila nikiyasema najiambia kwamba mwalimu huyu anawajua watu kweli.

Wala usidhani wananipenda mimi. Wanashangilia kwa kuwa wanamfahamu Jemadari. Kila mmoja pale sokoni ana wake, wa ukoo au wa kanisa au wa chama, na wanafurahi kuona kuna mtu amethubutu kumtaja.

Sasa kuhusu hii Wiki ya Utamaduni hapa Nyamira mwezi wa Novemba. Watakaoshinda wanaenda Nairobi, na mimi naamini ni sisi. Ukienda ofisini kupangiwa siku, kumbuka Jumamosi sisi Wasabato tuko kanisani mpaka jua litue. Najua hujasahau. Ni mazoea ya muuza dawa, hata mgonjwa wa siku nyingi namwambia tena ameze baada ya kula.

Msalimie Malkia wetu Nyanchoka.

Rafiki yako,
Obiero


Masimba,
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Bw. Obiero,

KUH: SIKU YA ONYESHO

Nasikitika kukuarifu kwamba ofisi ya utamaduni imetupangia Jumamosi, tarehe 15 Novemba, saa kumi alasiri. Nilijaribu nilivyoweza. Serikali ni serikali, ikishasema imesema.

Kwa kuwa imani yako haikuruhusu, nami ni mtu wa kuheshimu imani za watu, sitakulazimisha. Ombati na Bochaberi nao ni Wasabato, nafasi zao nitazijaza. Jemadari nitamcheza mimi. Si kwamba nimemtamani. Ni mzigo tu, na kiongozi ndiye anayebeba mizigo. Mfalme atachezwa na Job, yule mwalimu mpya wa hesabu. Ana sura ya upole na hana maneno mengi.

Nitumie koti la Jemadari, viatu na fimbo. Hotuba ya karamu nimeirudisha, maana nimegundua mchezo unapwaya bila yake.

Mwl. Onchiri Masese
Mwenyekiti


Nyamira,
Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Mwalimu,

Duke atakukabidhi koti, viatu na fimbo. Koti limefuliwa. Viatu vitakubana kidogo, mguu wako ni mpana, vaa bila soksi.

Hotuba ya karamu usiianze kwa kelele. Mimi nilikuwa naianza kwa tabasamu, kama mtu anayekaribisha wageni nyumbani kwake, na kelele zinakuja pale anapoona mgeni mmoja hajacheka. Ukipandisha sauti mapema, huna pa kwenda. Na ukikikalia kile kiti cha enzi mara ya kwanza usikae chote, kaa ukingoni. Mtu aliyeiba kiti hawezi kuegemea.

Jambo jingine nilitaka kulinyamazia, ila kunyamaza kumenishinda. Karani wa ofisi ya utamaduni ni mteja wangu. Jumatatu alikuja kuchukulia mtoto dawa ya kifua, akanipa pole kwa kukosa onyesho. Akasema mliwekewa siku mbili mezani, Alhamisi tarehe kumi na tatu au Jumamosi, na wewe ukachagua Jumamosi kabla hajamaliza kusema. Nilimjibu kwamba bila shaka Alhamisi una vipindi shuleni.

Nimewajibu hivyo hivyo wote walioniuliza. Kwa hiyo ukiulizwa, sema ni vipindi.

Obiero


Masimba,
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Shemeji Obiero,

Ni mimi Nyanchoka. Mume wangu hajui kwamba nakuandikia, na nisamehe mwandiko, nimezoea kushona.

Barua yako ya juzi aliisoma amesimama. Akaingia chumbani, akatoka amevaa koti lako. Tangu hapo, akirudi kutoka shuleni analivaa, analiwekea mikono mfukoni, anatembea kutoka sebuleni mpaka jikoni. Mazoezini amekuwa hashikiki, shemeji. Nyangate alichelewa kwa sababu ya kupeleka majani chai, akafukuzwa mbele ya watu. Job akaambiwa Mfalme gani huyo anapumua kwa nguvu hivyo. Juzi nikamwambia, baba Kemunto, siku zile ulipokuwa Mfalme mwema ulikuwa mkali, sasa umekuwa Jemadari na ukali umezidi, huo wema tuutafute wapi? Akaniuliza kama ni wewe uliyenituma niseme.

Anakuonea wivu, haina haja ya kufichana. Mimi ni mke wake, nampenda, na naona aibu kwa niaba yake.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Jana baada ya jua kutua walikutana hotelini kwa Bochaberi, kundi karibu lote. Jambo la ofisi ya utamaduni wamelijua, karani yule ana mdomo. Wamesema Jumamosi hiyo hawaendi Nyamira hata mmoja, Msabato kwa Mkatoliki. Wanataka kundi jipya na wewe uwe mwenyekiti. Nyangate ameshatafuta jina. Nikawaambia tanzia ni ya Onchiri, ameiandika kwa mkono wake. Wakasema mtu hawezi kuyafungia maneno ndani ya sanduku, wote wanayajua kwa moyo.

Shemeji, wanangoja neno lako moja tu. Ukisema ndiyo, kiti ni chako, na mume wangu amebaki bila kitu. Lile kundi ndilo alilo nalo duniani. Shule haijampandisha cheo, shamba limeenda kwa kaka yake. Hilo ndilo lake. Nijibu kupitia Duke, na barua aipeleke kwa fundi wa cherehani, asije nayo nyumbani.

Nyanchoka


Nyamira,
Alhamisi, 30 Oktoba 2025

Shemeji Nyanchoka,

Nikuambie ukweli, maana wewe umeniambia. Nilipofika pale pa kiti katika barua yako, nilikitaka. Nilikunja barua nikauza panado huku akilini namwona Mwalimu amesimama nje ya ukumbi anachungulia mlangoni kama mtu aliyekosa tiketi. Nilifurahi, shemeji. Sheryl akaniuliza mbona natabasamu na mteja anakohoa.

Kuna jingine ambalo Mwalimu hajui na sitaki alijue. Ananionea wivu mimi, na mimi wivu wangu kwake una umri mkubwa kuliko wake. Tangu siku ya kwanza niliposoma ile tanzia. Makofi napigiwa mimi, sawa, lakini maneno ni ya nani? Nimejaribu kuandika yangu. Ninayo madaftari, nayaficha nyuma ya maboksi ya dripu. Hakuna kitu mle, ni makelele matupu. Bila maneno ya Onchiri mimi ni muuza dawa mwenye sauti nzito. Kisha mtu mwenye kipaji kama hicho anakaa kunung'unika kwa ajili ya vigelegele vya sokoni! Zipo siku nimemchukia kwa hilo.

Basi jibu langu ni hapana. Nikikichukua kiti kwa mlango wa nyuma, na maneno yake nikiwa nayo mdomoni, nitakuwa Jemadari hata nikiwa nimevaa suti ya kanisani. Nimewapigia simu wote, mmoja mmoja, Ombati na Bochaberi nimewaachia Sabato yao, lakini wengine nimewaomba waende wacheze na mwenyekiti wao. Nyangate amenikatia simu. Bochaberi amesema mimi ni mwoga. Sijui kama watakwenda.

Wewe nenda. Asisimame peke yake.

Shemeji yako,
Obiero


Masimba,
Jumapili, 16 Novemba 2025

Obiero,

Nimeamua nikuandikie leo kabla hasira hazijaisha, zikiisha nitakuandikia uongo.

Hawakuja. Ombati na Bochaberi niliwajua, wako Sabato. Lakini Wakatoliki wenzangu! Nyangate alizima simu. Job alinitumia ujumbe kwamba tumbo linamuuma, na tumbo hilo nilikuwa nimeliona asubuhi kwa macho yangu likila mandazi stendi ya Masimba. Tulifika Nyamira mimi na Nyanchoka, gunia la mavazi na kiti cha enzi kimefungwa kamba. Nyanchoka alinieleza yote njiani. Kikao cha hotelini, neno walilolingoja kwako, na jibu lako. Uliwaomba waje wakakataa! Mimi wananiasi kwa kunichukia, wewe wanakuasi kwa kukupenda. Hata kuasiwa umenishinda.

Ratiba ikachelewa. Tulipoitwa ilikuwa saa kumi na mbili inakaribia, ukumbini wako waamuzi, wazee wachache na wauza maji. Nyanchoka akasema turudi nyumbani. Nikasema mwenyekiti harudi nyumbani. Nikacheza wote wawili. Wema nilivaa shuka ya kifalme, uovu nilivaa koti lako. Ilipofika mahali pa kumuua Mfalme, sasa nimuue nani, na Mfalme ni mimi? Nikakivika shuka kile kiti, nikakichoma kisu. Mzee mmoja akacheka. Kisha ikanibidi nikikalie, na kisu bado kimo ndani ya mto, nikakaa ukingoni kama ulivyoniagiza. Haikuwa kwa ajili yako. Ni kisu.

Nilianza hotuba ya karamu kwa tabasamu. Hapakuwa na mgeni hata mmoja mezani, nikawatabasamia viti, nikamtafuta ambaye hakucheka, na wote hawakucheka. Obiero, maneno yale niliyaandika mimi na nilikuwa sijawahi kuyasikia. Nilikuwa nayangojea yaishe ili watu wanitazame mimi nikifa.

Jua likatua. Mlango ukafunguka, mkaingia nyinyi mmetoka kanisani, na Biblia zenu kwapani, kwaya nzima na watoto, Bochaberi na Ombati wamo, mkajaza viti vya nyuma. Nilikuona. Nilijiambia, amekuja kutazama ninavyoanguka. Ningekuwa wewe ningekuja kwa sababu hiyo.

Nikafika sehemu ya tano. Unajua nilivyoumaliza mchezo ule. Jemadari amewaua au kuwafukuza wote, anakufa sakafuni, anaomba mtu mmoja tu amwite kwa jina lake, si kwa cheo. Hakuna anayeitika, maana hakuna anayelijua. Kimya, pazia. Kimya kile ndicho nilichokipenda kuliko vyote nilivyowahi kuandika.

Nikaomba mara ya kwanza. Kimya. Nikaomba mara ya pili. Na wewe, kutoka kule nyuma, kwa sauti hiyo yako ambayo haihitaji kipaza sauti, ukaita, "Onchiri!"

Onchiri! Katikati ya tanzia! Watoto wa kwaya wakadhani ndivyo inavyotakiwa, nao wakaanza kuita, Onchiri, Onchiri, ukumbi mzima. Utakufaje hapo? Mwamuzi mmoja alikuwa anapangusa miwani. Waamuzi wametukata alama, wameandika kwamba mwisho haukueleweka. Nairobi hatuendi. Umeniharibia kimya changu, bwana, na nikiwa nimelala pale nimefumba macho nililia mpaka kola ya koti lako ikalowa. Nyanchoka amelianika. Usidhani ni jasho.

Asubuhi nimejaribu kukuchukia kama zamani nikashindwa kupata mahali pa kuanzia. Wivu ninao, haujapungua hata kidogo, nadhani umeongezeka. Nisingeweza kukuita. Ningekuwa wewe kule nyuma ningekaa kimya nione pazia likifungwa, na ningesema ni kwa ajili ya sanaa.

Nimewaandikia wanachama wote. Jumanne saa kumi na moja jioni, hotelini kwa Bochaberi, tunachagua mwenyekiti, na nimelipendekeza jina lako. Mimi nitabaki kuandika, na mchezo ujao nipe sehemu yoyote, hata mlinzi wa lango. Jumamosi hatutacheza tena.

Usinijibu kwa barua, na usije kunishukuru. Jumanne njoo mapema, kabla mimi sijafika, ukikalie kile kiti chote mpaka mgongoni, maana nikikikuta kitupu nitakaa.

Onchiri